R ya tatu

Alhamisi moja, saa tisa alasiri imeshapita, dada wa mapokezi wa kliniki alinipigia simu, mimi fundi wao wa kompyuta. Printa haitoi karatasi, wagonjwa wamejaa kwenye mabenchi, na seva inalalamika kwamba diski imejaa. Kliniki haiko mbali na ninapokaa, nikaenda kwa miguu.

Seva yenyewe ni kasha moja chini ya meza, katika chumba cha dawa. Msimamizi wa dawa alikuwa ametoka kwenda kusali alasiri na kompyuta yake ameiacha wazi. Nikaketi kwenye kiti chake. Ningeweza kutoka kwenye akaunti yake nikaingia kwa yangu, lakini watu walikuwa wakinitazama kupitia dirisha la kutolea dawa, na mwenye haraka hushika kilicho karibu. Nikafungua dirisha la amri, nikatazama /tmp, folda ya vitu vya muda. Diski ikijaa ghafla, mara nyingi taka huwa zimerundikana huko.

Faili zilikuwa zaidi ya elfu moja. Zote zilianza na matokeo_, zikafuatiwa na tarakimu ndefu zisizo na maana, zikaisha na .pdf. Na kushoto, mstari baada ya mstari, alama zile zile:

-rw-r--r--

Nikafungua moja nijue ni nini.

Juu palikuwa na nembo ya kliniki. Chini yake jina, umri, nambari ya simu. Kisha mstari wa kwanza wa kipimo, na jibu lake mbele. Nikaifunga. Sidhani kama zilipita sekunde tatu.

Lile jina nalijua.

Tuseme anauza mahamri

Kabla sijaendelea lazima niseme jambo moja. Niliyemwona kwenye ile karatasi ni mama wa mtaani. Tuseme anauza mahamri na mbaazi asubuhi. Tuseme ni Majengo. Si mahamri, wala si Majengo. Kila kinachoweza kumtambulisha nimekibadilisha, na kipimo chenyewe sitakitaja. Maneno yake ya mwisho tu ndiyo yake hasa, na ameniruhusu niyaandike. Siwezi kuandika juu ya siri iliyovuja huku naivujisha mara ya pili.

Asubuhi iliyofuata nilipita kwake kama kawaida. Akaniokotea mahamri ya chini, yale yaliyobaki na moto, akaniuliza mbona nimenyamaza leo. Nikamwambia sikulala vizuri.

Nilikuwa nimebeba habari ya mwili wake ambayo hakunipa.

Kesho yake nikapita njia nyingine. Na siku iliyofuata. Wiki tatu nikawa nanunua mkate dukani.

Ile r ya tatu

Kwenye Linux, mfumo unaoiendesha seva ile, kila faili hubeba ruhusa za watu wa aina tatu: mwenye faili, kundi lake, na kila mtu mwingine mwenye akaunti kwenye mashine ile. Herufi r maana yake anaruhusiwa kusoma. Ziko r tatu pale juu, na ya tatu ndiyo ya watu wote. Kwa seva hii watu wote maana yake ni mapokezi, maabara, chumba cha dawa, mhasibu, wauguzi, na wanafunzi wawili wa chuo waliokuja atachi, yaani mafunzo ya kazini, ambao walitumia akaunti moja yenye paswadi iliyobandikwa kwa selotepu pembeni mwa skrini.

Sasa /tmp. Nikimweleza mtu wa hapa petu humwambia ni baraza. Ni pale nje ya nyumba ambapo yeyote apitaye anaweza kuketi na kuweka mzigo wake. Programu zote za mashine hutua vitu vyao hapo kwa muda. Na baraza hili lina adabu yake: ruhusa zake ni 1777, na ile 1 ya mbele ndiyo inayozuia mtu kuondoa kitu cha mwenzake, kama viatu mlangoni mwa msikiti. Vya mwenzio huvigusi.

Lakini kutokukiondoa si kutokukisoma. Ukiacha barua yako barazani haijakunjwa, hakuna atakayeiba, na kila apitaye ataisoma.

Mfano wenyewe una mahali unapokatika, na hapo ndipo paliponisumbua zaidi. Barazani watu wanaonana. Anayeinama kusoma barua ya mwenziwe anaonekana na wote walioketi, na atasemwa. Kwenye /tmp anayesoma haonekani.

Walioitengeneza programu ya kliniki, ile inayounda faili hizo ili zichapishwe, walikubali kunionyesha pale mahali penyewe kwenye msimbo. Imeandikwa kwa Java, lugha ya kuandikia programu. Java ina njia mbili za kuunda faili ya muda. Ya zamani, File.createTempFile, huiachia mashine iamue ruhusa, na mashine hii, kama zilivyo nyingi za Linux, ilikuwa imepangwa kuunda faili zinazosomwa na wote. Mpya, Files.createTempFile, ilikuja na Java 7 mwaka 2011. Hiyo kwenye Linux humfungia mwenye faili peke yake: -rw-------. Tofauti ya majina ni herufi moja, s. Nilikaa nikiutazama ule mstari kwa muda. Hapakuwa na uzembe ndani yake. Ni mstari ambao hata mimi nimeuandika, zaidi ya mara moja, kwenye kazi ambazo sijui leo ziko wapi.

Hata kufuta walikuwa wameagiza. Mstari uliofuata uliiambia Java ifute faili ile programu itakapozimwa. Shida ni kwamba programu ya seva haizimwi. Zamani stima ilipokuwa ikikatika kila mara, mashine ikiwaka upya /tmp husafishwa, kwa hiyo taka hazikufika mbali. Halafu Daktari akaweka inveta na betri mpya ili friji ya chanjo isilale bila umeme. Tangu siku hiyo seva haikuzimika tena, na matokeo ya watu yakawa yanarundikana hapo, yaliyo na picha za eksirei na yasiyo nazo, mpaka diski ikajaa.

Mistari miwili

Kurekebisha kulichukua dakika kumi. Kwenye maelezo yanayoiambia mashine jinsi ya kuiendesha programu ile niliongeza UMask=0077, ili kila faili mpya isomwe na mwenyewe tu, na PrivateTmp=yes, ili programu ipewe /tmp yake ya faragha, chumba cha ndani badala ya baraza. Zile faili za zamani nikazihamishia kwenye folda iliyofungwa badala ya kuzifuta. Sikujua kwa nini sikuzifuta. Baadaye nilishukuru.

Printa ikaanza kutoa karatasi. Watu wakaitwa mmoja mmoja. Msimamizi wa dawa akarudi, akanishukuru, akaniletea soda.

0.55

Usiku ule sikulala, nikawa nasoma. Kasoro hii ina nambari yake katika CWE, orodha ya aina za kasoro za programu: 378, kuunda faili ya muda yenye ruhusa zisizo salama. Na haiwapati wanagenzi peke yao. Mwaka 2020 ilipatikana ndani ya JUnit 4, chombo cha kufanyia majaribio kinachotumiwa na waandishi wa Java dunia nzima. Ikaandikishwa katika CVE, orodha ya kasoro za usalama zilizogunduliwa, kama CVE-2020-15250 na kurekebishwa katika toleo la 4.13.1. Mwaka huo huo ikaandikishwa nyingine ya Guava, maktaba ya msimbo ya Google: CVE-2020-8908. Hiyo ya Guava ilipewa alama 3.3 kati ya 10.

3.3 huitwa hatari ndogo. Kwanza watumiaji waliambiwa tu waiache njia yake ya kuunda folda ya muda. Njia yenyewe ilikuja kujengwa upya katika toleo la 32.0.0, mwaka 2023.

Nilitaka kujua udogo huo unatoka wapi. Alama hizi hupigiwa hesabu kwa CVSS, kanuni ya kupima ukali wa kasoro, na moja ya maswali yake ya kwanza ni: mshambuliaji anafikia kutoka wapi? Katika toleo la tatu la hesabu hiyo, anayeweza kushambulia kutoka popote mtandaoni huhesabiwa 0.85. Aliye kwenye mtandao wa jirani, 0.62. Anayelazimika kuwa tayari ndani ya mashine, 0.55. Anayelazimika kuigusa kwa mkono, 0.2. Kadiri mtu anavyohitaji kuwa karibu, ndivyo hatari inavyohesabiwa kuwa ndogo.

Naielewa hesabu hii. Walio mbali ni mamilioni, walio ndani ni wachache, na wachache hao wanajulikana kwa majina. Anayelinda benki au kituo cha umeme ana haki ya kumhofu kwanza yule wa mbali.

Lakini nani duniani anataka kujua majibu ya vipimo vya muuza mahamri wa Majengo?

Si mtu aliyeketi nchi nyingine. Huyo hamjui, na akimjua hana la kumfanyia. Wanaotaka kujua ni wanaomjua: wifi yake, mwenye nyumba wake, mama wa kijana anayemposa binti yake, jirani waliyegombania ua. Na katika mji huu, kila mmoja wa hao ana binamu. Mtu akiulizwa wewe wa nani, jibu la pili au la tatu linamfikia mtu mnayefahamiana. Wale wanafunzi wawili wa atachi mmoja ni wa Kisauni, mmoja wa Likoni. Mhasibu anatoka mtaa mmoja na nusu ya wagonjwa. Na fundi wa kompyuta, nishasema, hula mahamri yake.

Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema. Methali hiyo niliizungusha kichwani siku nyingi na mwisho nikaona hainitoshi, kwa sababu inamtaja mwenye nia ya kuuma. Wafanyakazi wa ile kliniki nawajua. Sioni hata mmoja ambaye angeketi kuchambua siri za watu. Mimi mwenyewe sikuwa na nia yoyote, nilikuwa natafuta taka. Macho ndiyo yaliyosoma, na macho yakishasoma hayana njia ya kurudisha.

Kwa mambo ya sitara ya watu, wa karibu ndiye 0.85. Huo ndio msimamo wangu, na sijakutana na hoja iliyoniondoa hapo.

Sentensi niliyoiandika

Jioni ya siku ile ile nilimwandikia Daktari barua pepe. Nilieleza vizuri, naamini. Diski, faili, ruhusa, marekebisho. Na mwishoni nikaweka sentensi hii:

"Hakuna ushahidi kwamba kuna mtu aliyesoma faili hizi."

Ni sentensi ya kawaida. Kila taarifa ya aina hii huwa nayo, na mkono wangu uliiandika kwa mazoea, kama mtu anavyoandika "wako mtiifu".

Kwa kawaida Linux huhifadhi kwa kila faili saa iliposomwa, ingawa haiandiki kila usomaji. Haihifadhi aliyeisoma ni nani. Na kwa kuwa programu yenyewe husoma kila faili inapoipeleka kwenye printa, saa hizo kwa kawaida hazikuambii kitu. Lakini siku ya pili niliingia kwenye ile folda iliyofungwa nikaandika ls -lu, amri inayoonyesha saa hizo. Elfu na zaidi zilikuwa na saa za siku zilizochapishwa. Moja ilikuwa na Alhamisi, 15:52.

Ushahidi ulikuwepo. Ushahidi ulikuwa mimi.

Nilijiambia mimi sihesabiki. Fundi ni kama daktari, huona kwa ajili ya kazi. Hoja hiyo ilinishikilia kama siku nne. Kisha nikajiuliza: kwa kazi ile, nilihitaji kuifungua? Jina la faili lilianza na neno matokeo. Ukubwa wake ulionekana. Aliyeiunda alionekana. Yote niliyohitaji yalikuwa kwenye orodha.

Sikuhitaji.

Saa 72

Wiki ya tatu nikarudi kwa Daktari. Nilimkuta amemaliza mgonjwa wa mwisho, anakunywa kahawa. Nikamwambia sentensi ya mwisho ya barua yangu si kweli, kwamba kuna mtu alisoma.

"Nani?"

"Mimi."

Akaweka kikombe. Akaniuliza ni ya nani. Nikamwambia jina sitasema, ila faili ipo na saa imeandikwa. Akanitazama kwa muda, kisha akasema, "Umefanya vizuri kutolitaja hata hapa."

Tukaifungua Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 kwenye simu yake. Habari za afya zimo katika zile zinazohesabiwa kuwa nyeti. Aliyekabidhiwa kuzichakata akigundua zimeingiliwa, amwarifu aliyemkabidhi, hapa kliniki, inapowezekana ndani ya saa 48. Naye aliyemkabidhi amwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue, na akichelewa aandike sababu za kuchelewa. Zangu zilikuwa zimeshapita wiki tatu. Kwenye fomu yake, sababu ya kuchelewa ingekuwa mimi.

Hakugombana nami. Kilichomkaa rohoni ni kitu kingine, na nakiandika hapa kama alivyokisema kwa sababu bado sina jibu lake lote. "Ukiwapigia simu watu mia kadhaa," alisema, "ukawaambia karatasi zenu zilikuwa wazi, baadhi yao hawatarudi kupima. Wengine wako kwenye dawa za kila siku. Mmoja akiacha dawa kwa aibu, nani amemdhuru, ile faili au simu yetu?"

Nilinyamaza. Miaka kumi na tano amewabembeleza watu wa mitaa hii waje kupima. Mimi nilileta habari ya herufi moja.

Mwishowe nilisema nilichokijua tu: kwamba mimi mtu mmoja nimeshindwa kumtazama mama mmoja usoni wiki tatu, na yeye hajui kwa nini. Kwamba walio kwenye ile orodha huenda wametazamwa vivyo hivyo na mtu mwingine, na hawajui kwa nini.

Aliyetufungulia njia ni sista mkuu. Alikuwa amesimama mlangoni, amesikia nusu. Akasema msitume ujumbe wa simu. Nyumba nyingi simu ni moja, mtoto ndiye msomaji, mume ndiye mwenye laini. Ujumbe kutoka kliniki ukitua kwenye kioo cha simu kila mtu ataona, na hapo mtakuwa mmefanya lile lile mara ya pili. Yeye atapiga mwenyewe, kwa sauti, mmoja mmoja, na atauliza kwanza kama anayepokea ndiye mwenyewe na kama yuko peke yake.

Fomu ya Kamishna ikaenda siku ile ile. Orodha ya kupigiwa ikatoka kwenye ile folda nisiyoifuta. Nikaandaa njia ya kuchota majina na nambari bila mtu yeyote, mimi nikiwemo, kuona vipimo. Ilinichukua siku mbili. Naijali kazi ile kuliko nyingi nilizolipwa.

Sista alipiga simu kwa wiki nzima na zaidi, kila alasiri, mlango umefungwa.

Mahamri manne

Jumatatu iliyofuata nikapita njia yangu ya zamani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ulikuwa safari?"

Nikasema hapana. Akaokota mahamri manne bila kuniuliza, akafungua gazeti la kufungia. Kisha akashusha sauti.

"Hebu nambia, wewe si fundi wa kompyuta? Wamenipigia wale wa kliniki. Wasema karatasi zangu zilikuwa mahali pa wazi, huenda wafanyakazi wameziona. Ndiyo nini hiyo?"

Nyuma yangu palikuwa na kijana mmoja amevaa vidude vya muziki masikioni. Nikamsubiri mama aangalie juu.

"Ni kweli, mama. Na mimi nimeiona moja. Yako."

Mkono wake ukasimama juu ya gazeti.

"Ulisoma yote?"

"Jina, na mstari wa kwanza."

Akamaliza kufunga. Akakunja ncha za gazeti, moja, ya pili, akazibana vizuri, akaniwekea mkononi.

"Basi umejua kabla ya binti yangu," akasema.

Akanihesabia chenji, akamwuliza kijana aliye nyuma yangu anataka mangapi.